Pilau ya Kumuaga Mume Wangu

Habari kwamba mume wangu anaacha chuo mwaka wa pili akacheze mpira wa kikapu wa kulipwa Ulaya niliipata kwa mama mchungaji. Alikuja kwetu Columbia Heights, hapa Marekani, kupanga sherehe ya kumuaga, akanikuta nanyonyesha.

"Mwanangu, pilau utapika mwenyewe au tukusaidie?"

Kanisani walishamwombea safari, kila mtu akidhani mke ndiye aliyejua wa kwanza.

Mume wangu aliporudi kutoka mazoezini nikamuuliza.

"Ningekwambia nikishasaini."

"Umesaini?"

Akainama kufungua viatu.

Sikupika. Jumamosi kwenye sherehe nilikula pilau yao sahani mbili, kisha nikampakatisha mume wangu mtoto mbele ya wageni. "Haya, mwambie na huyu utarudi lini."

Akainama kumvuta mtoto soksi, na safari hii kila mtu aliona.