Mama Poda, fundi anayeipaka mitambo poda ya watoto

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Poda anaiogesha ekskaveta, mtambo wao wa kuchimbia mitaro.

Anausugua mkono wa mtambo kwa brashi ya kufulia na maji ya moto yenye sabuni, kuanzia juu kushuka chini, na kila kona anaipitia mara mbili. Maji yanayodondoka ni meusi, kisha ya kijivu, kisha yanakuwa maji. Mumewe, dereva wa mtambo huo, amesimama pembeni na ndoo mkononi, na uso wake ni wa mzazi aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mwanawe.

"Ongeza maji," anaamuru mke.

"Yamekwisha."

"Basi kachemshe mengine, baba. Mgeni hapokelewi na mtoto mchafu."

Mgeni mwenyewe ni mkaguzi wa mradi wa maji, na anatarajiwa saa nne. Mradi unahitaji mtaro wa kilomita sita wa kulaza bomba hadi mitaa ya mlimani, kazi ya miezi sita kwa mtambo mdogo unaoweza kupita vichochoroni. Mtaro huo unapita karibu na visima, kwa hiyo sharti ni moja na halina mjadala: mtambo unaovuja mafuta hauingii.

Wiki iliyopita mkaguzi alikuja, akakuta tone. Akawapa nafasi moja tu ya pili. Akikuta jingine leo, kazi inakwenda kwa mtambo unaofuata kwenye orodha, na wanandoa hawa waliojinyima miaka minne hadi wakainunua ekskaveta hiyo kuukuu watarudi kusubiri vibarua vya kuchimba mashimo ya vyoo.

"Sina ubaya na mashimo ya vyoo," anasema Mama Poda huku akikamua tambara. "Yametusomeshea binti. Lakini nataka siku moja nichimbe kitu ambacho watu watafurahi kukifungulia bomba."

Kwa asiyeijua mitambo hii, jambo lenyewe ni hili. Mkono wa ekskaveta haunyanyuliwi kwa kamba wala mnyororo. Unanyanyuliwa na mafuta yanayosukumwa kwa nguvu kubwa kupitia mipira minene hadi kwenye silinda. Mafuta hayo yakipata upenyo, hata wa unene wa unywele, nguvu inatokea hapo na ardhi inakunywa kilichobaki. Ekskaveta hii ilikuwa inapoteza lita tatu kwa siku.

Mama Poda ana umri wa miaka hamsini na minne, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia chini ya mitambo. Hakuanza na spana. Alianza kama mtunza stoo katika yadi ya kukodisha mitambo, akigawa nati na sili za mpira, zile pete zinazozuia mafuta yasivuje, kupitia dirisha dogo lenye nondo.

"Fundi anakuja asubuhi anachukua sili. Jioni anarudi, anataka nyingine ya namba ileile. Kesho tena. Nikajiuliza, hizi sili wanazila?"

Siku moja akafunga dirisha, akavaa ovaroli ya mtu aliyekuwa likizo, akaenda kuangalia. Mafundi wakacheka. Mmoja akamuuliza kama amekuja kufagia. Yeye akalala chali chini ya mtambo na kutazama nusu saa, kisha akawaonyesha kwamba mafuta waliyokuwa wakiyatafuta chini yalikuwa yanatoka juu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wenzake walikuwa hawajainama.

Hapo ndipo alipokutana na mumewe pia. Alikuwa dereva ambaye mtambo wake ulirudi yadi kila wiki kwa kuvuja.

"Nikasema, huyu ama mtambo wake mbovu, ama ananipenda."

"Vyote viwili," anajibu mume kutoka jikoni kwenye maji ya moto. Hakuna aliyemuuliza.

Leo kipato cha Mama Poda si cha kujivunia. Siku akipata kazi, malipo yake hutosha kununua ndoo moja ya lita ishirini ya mafuta hayo ya kusukuma mkono, yaitwayo haidroliki. Mvua zikinyesha wiki mbili mfululizo, hapati hata kifuniko cha ndoo. Lakini jina lake linajulikana katika kila yadi ya mji, na limetokana na kopo analolitoa sasa mfukoni.

Ni poda ya watoto, ile nyeupe yenye harufu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akishausafisha mtambo na kuukausha kwa tambara, anaunyunyizia poda kila kiungo, kila mpira, shingo ya kila silinda, mpaka mkono mzima uwe mweupe. Kisha mtambo unawashwa na kufanyishwa kazi hadi upate joto. Mafuta yakichungulia popote, poda inageuka rangi hapohapo, kabla hayajapata nafasi ya kutembea na kumdanganya mtu.

"Mafuta ni mwongo," anasema. "Yanatoka huku, yanakwenda kusimama kule kama vile ndiko kwao."

Swali ni kwa nini poda haikutumika mapema. Jibu ni kwamba Mama Poda hakuwepo. Kwa wiki tatu alikuwa kwa binti yake aliyejifungua mapacha, na amerudi juzi jioni na picha arobaini za wajukuu kwenye simu pamoja na kopo hili, ambalo anakiri kulichukua kwa wajukuu bila ruhusa. Nyuma yake mumewe na jirani mmoja fundi magari waliifungua silinda mara tatu, wakabadilisha sili mara tatu. Kila mara ilivuja palepale.

Saa mbili kasoro, mume anapanda kitini na kuwasha. Mkono unainuka, unashuka, unainuka, mweupe kama umejifunga bandeji. Mama Poda hausogelei. Ameshika kipande cha katoni chenye mpini wa fimbo, na ndicho anachokipitisha karibu na viungo. Mwandishi wa makala haya alinyoosha kidole kuonyesha kitu, akapigwa kofi mkononi.

"Toa kidole! Mafuta ya presha yanaingia kwenye nyama kama sindano. Daktari atakukata mkono, mimi nitakosa wa kuniandika gazetini."

Dakika kumi. Kumi na tano. Kwenye shingo ya silinda, ambako sili zilibadilishwa mara tatu, poda ni nyeupe pee. Lakini juu, karibu mita moja kutoka hapo, kwenye nati inayoushika mpira, kinatokea kidoa kidogo cha rangi ya chai. Kinapanuka. Kinaanza kushuka taratibu kwa mgongo wa mpira, kikielekea kwenye silinda kwenda kusingiziwa.

"Zima!" anapiga kelele, na kucheka kwake kunasikika hadi kwa wauza mbao upande wa pili wa barabara.

Mtambo unazimwa, kijiko chake cha kuchimbia kikiwa kimelazwa chini. Mume anachezesha levu, vile vijiti vya kuuendeshea mkono, huku na huku kuitoa presha iliyobaki. Mke anachukua ufunguo na kuuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Huo ndio utaratibu wake: mikono yake ikiwa ndani ya mtambo, ufunguo uko kifuani pake, na hata mume haugusi.

Anaifungua nati, anaifuta, anaipeleka kwenye mwanga. Ina ufa. Ufa mwembamba unaokwenda nusu ya mzunguko, wa aina ambayo haitokei kwa uzee. Anamtazama mumewe. Mumewe anatazama paa la stoo.

"Baba."

"Naam."

"Hii nati uliikazia nini?"

Dereva huyu mwenye miaka sitini na kifua kipana kama mlango anakwenda nyuma ya pipa na kurudi na bomba la chuma la urefu wa mkono na nusu. Alilivika kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi.

"Ulipoondoka uliniambia ina unyevunyevu, niikaze," anajitetea.

"Nilikuambia kaza. Sikukuambia nyonga."

"Niliogopa, mama watoto. Nilisema ikilegea wewe haupo, mkaguzi anakuja, nitakuambia nini? Nikaikaza mpaka ikalia. Nikafurahi ilipolia."

Mama Poda anajaribu kukasirika, na mtu anaona kabisa anavyojaribu. Hafanikiwi. Anakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, anacheka mpaka machozi yanachora mistari kwenye poda iliyomrukia usoni. "Kikulacho ki nguoni mwako," anasema akipumua. "Mara tatu mmeipasua silinda ya watu, na mwizi analala kitandani kwangu!"

Nati nyingine inatoka kwenye mkebe wa maziwa ya unga anaouhifadhi tangu enzi za stoo. Anaijaribu kwa vidole kwanza, kwa sababu, anasema, nyuzi za nati zikigoma kwa vidole zitaumia kwa spana. Ikishagota, anaongeza robo mzunguko kwa spana fupi. Basi. Mume anatazama robo mzunguko hiyo kama mtu anayeona sahani yake imepakuliwa nusu.

"Imetosha hiyo?"

"Imetosha."

"Hata kidogo tena?"

"Kaweke mikono mfukoni."

Saa nne kamili mkaguzi anafika, dada mwenye kofia ngumu ya manjano na sauti ya upole. "Shikamoo mama, shikamoo baba," anasalimia, kisha anafanya kazi yake bila upole wowote. Anataka mtambo uchimbe dakika ishirini. Unachimba. Kisha anatandaza katoni nyeupe chini ya mkono wa mtambo, anatazama saa, anasema wasubiri nusu saa.

Hakuna anayekaa. Jirani fundi magari amekuja, muuza mbao amekuja, wote wanaitazama katoni.

Dakika ya kumi na moja, tone linaanguka.

Linatua katikati, jeusi kwenye weupe, na yadi yote inalisikia. Mume anavua kofia. Mama Poda hasogei, ila mkono wake umekwenda shingoni kuutafuta ufunguo.

Mkaguzi anachuchumaa, anataka kuandika. Kalamu inasita. Analigusa doa kwa ncha ya kidole, ananusa.

"Mama, hii inanukia sabuni."

"Ni maji," anasema Mama Poda. "Ni maji niliyoogeshea! Yalijificha huko juu. Mwanangu, usiandike. Maji hukauka, mafuta hubaki. Tusubiri pamoja."

Wakasubiri. Watu watano wazima wakiwa wamechuchumaa juani kuizunguka katoni, wakilitazama doa likififia pembeni, likawa la kijivu, likawa alama tu, likatoweka. Nusu saa ikatimia na katoni ikabaki nyeupe. Mkaguzi akatia saini juu ya goti lake, akasema wataanza Jumatatu saa moja asubuhi.

Muuza mbao alipiga vigelegele, na hapo ikajulikana ana kipaji. Mume alimnyanyua mkewe kutoka chini, akapakwa poda kifua kizima, wala hakujali.

Mama Poda ameihifadhi katoni ile. Anasema mtaro ukimalizika na maji yakafika mlimani, atatafuta yadi yake mwenyewe yenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyeupe, ambamo tone halina pa kujificha. Atafundisha mafundi kuogesha, kupaka poda na kukaza robo mzunguko. Hata nguzo ya kibao cha barabarani ameshaipata: ni lile bomba la chuma.

Mume anauliza, kwa unyonge, ni nani atakayelisimamisha.

"Wewe," anajibu mkewe. "Hilo, baba, kaza mpaka lilie."