Mkanda wa Saa ya Mayu

Mwezi uliopita nilipita Bariadi, nikaingia duka moja la saa. Muuzaji akanipa mkanda. "Hii ni ngozi tupu, mama," akasema. Nikaukunja, nikaunusa. Ulinuka gundi. Nikamrudishia, nikatoka bila kununua. Ngoja nikueleze, rafiki yangu.

Nilikulia Nkololo, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia tu. Mama yangu, niliyemwita mayu kama watoto wengine wa Kisukuma, alikuwa nesi wa zahanati. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo mapigo ya kila mgonjwa yalihesabiwa kwa saa ya mkononi mwake.

Mikanda mipya ya plastiki ilimwasha. Tukaenda kwa jirani yetu, mzee aliyelainisha ngozi kwa magome ya miti nyuma ya nyumba yake. Mayu akaniachia mimi nichague.

"Usitazame mng'aro," mzee aliniambia. "Kunja. Ikiacha nyufa, iache."

Nikachagua kipande cha mgongo wa ng'ombe, rangi ya uji wa mtama, naye akakikata kuwa mkanda. Kadiri miezi ilivyokwenda kikakolea kama chai ya rangi. Kukitunza ilikuwa kazi yangu ya Jumamosi: kufuta jasho kwa kitambaa kikavu, kupaka samli ya kulowesha ncha ya kidole tu, kisha kukitundika kivulini. Jirani alikuwa na msemo wake: ngozi imekwisha kufa mara moja, usiiue tena kwa moto.

Jumamosi moja ya masika niliuchomoa mkanda kwenye saa, nikauangusha kwenye beseni la vyombo. Nilipoutoa ulikuwa umelowa chapachapa, na mayu alikuwa anavaa viatu. Nikausogeza kwenye mafiga, pembeni ya sufuria ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Ulikauka upesi, ukakakamaa. Nikaupaka samli nyingi kuficha, nikaurudisha kwenye saa, nikampa. Akauvaa, akaondoka.

Alasiri nilimpelekea chakula zahanati. Nilikuta mkokoteni wa ng'ombe umesimama mlangoni. Mwanamke aliyejifungulia nyumbani alikuwa ameletwa akivuja damu, mama mkwe wake akiwa amembeba mtoto mchanga. Mtu alishatumwa kwa baiskeli kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mayu aliinua mkono kutundika chupa ya dripu, mkanda ukakatika. Saa ikaanguka kwenye sakafu ya saruji.

Niliiokota. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini mshale wa sekunde ulikuwa unatembea.

"Ishike hapa niione," mayu alisema.

Nikaisimamisha mbele ya uso wake kwa mikono miwili. Mkono wake mmoja ulikandamiza tumbo la yule mwanamke, mwingine ulikuwa kwenye mapigo. Macho yake yalikwenda kwenye mshale, yakaenda kwenye matone, yakarudi kwenye mshale. Mabega yakaanza kuniwaka moto.

"Usishushe."

"Anapumua?" mkwe aliuliza.

"Anapumua. Mwite jina lake, usinyamaze."

Mkwe akamwita, akamwita tena. Kila mayu aliponyamaza kuhesabu, nilijua nimeua mtu kwa sufuria ya michembe. Gari lilifika jua likiwa linashuka, wakamchukua pamoja na mtoto. Alipona. Baada ya mavuno alikuja kwetu kwa miguu, mtoto mgongoni na jogoo mkononi.

Lakini jioni ile hatukuwa na habari zake. Tulikuwa njiani kurudi nyumbani niliposhindwa kuvumilia.

"Mayu, niliukausha motoni."

Aliendelea kutembea. Akajibu tukipita shamba la pamba.

"Nilipouvaa niliusikia ni mgumu. Nikasema nitauangalia baadaye, nina haraka." "Tumekosa wawili, mwanangu."

Hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote.

Jirani alifariki, na mashimo ya nyuma ya nyumba yake, alimolowekea ngozi, yamefukiwa, pamejengwa vibanda. Siku hizi ngozi mbichi zinapakiwa kwenye malori na kwenda zake, na sijui mtoto hata mmoja pale anayejua kuikunja akaisoma. Mayu naye ametutoka. Nimekosea mengi tangu hapo, makubwa kuliko lile, na watu wamenisamehe. Aliyekubali kubeba nusu ya kosa langu sijampata tena.