Mbege na Sindano ya Mgongo

Daktari wa ganzi husugua viganja kwanza, asimguse mtu mgongo kwa mikono ya baridi. Sindano ikishaingia, huanza kuitukana mbege, pombe ya ndizi, ya kwao mgonjwa. Nesi Dafroza ameshachoka kuona haya kwa niaba yake. Leo mzee wa Mwika, aliyeingia akiomba arudishwe nyumbani na ngiri yake bila kupasuliwa, aliambiwa mbege ya kwao ni maji ya kuoshea vyombo. “Wewe wa Machame unajua mbege?” akafoka, huku shuka limemziba asione tumbo lake, na hakunyamaza tena. Alipochoka kubishana, akamgeukia Dafroza. “Mwanangu, mtoe huyu mlevi. Mwite daktari mwenyewe aje anipasue.” Dafroza akavua glavu. “Baba, alishapasua, akashona. Yuko kantini, anakunywa chai.”