Cherehani ya Shangazi Mbele ya Mfilisi

Shangazi yangu hamwamini mtu. Hata daktari akimpa dawa, humtaka aonje kwanza yeye. Kwa hiyo mahakama ilipoamuru kiwanda chetu cha sare kifungwe kwa kushindwa kulipa wadai wake, na mfilisi akaja kukusanya mali auze awalipe, shangazi alishamhukumu kabla hajashuka kwenye gari.

"Muone anavyotabasamu," alininong'oneza. "Huyo kaja kula."

Mimi nilikuwa mpiga pasi, yeye fundi cherehani. Mafundi wengi pale walikuja na cherehani zao wenyewe, lakini bosi alipenda vitu vifanane, akazipaka zote rangi ya kijani pamoja na zile za kampuni. Sasa hakuna aliyeweza kuzitofautisha kwa macho. Ya shangazi ndiyo iliyotulea, mimi na wanawe. Bila ile angebaki mikono mitupu.

Mfilisi alibadilisha kufuli, akaweka mlinzi mlangoni, akaturuhusu tumalize oda moja iliyobaki. Kisha akatuambia, "Jamani, mimi nauza mali ya kampuni tu. Mwenye chake humu, Ijumaa aje aonyeshe, achukue."

"Mtego huo," shangazi akasema. "Ukinyoosha kidole tu, umeshakuwa mwizi."

Siku ya mwisho ya kazi akaifungua cherehani yake, akachomoa kile kichuma kinachoshika bobini chini ya sindano, akakitumbukiza kifuani. Bila hicho haishoni kitu. Alipanga ionekane mbovu, ikose mnunuzi, kisha yeye aje kuichukua kwa bei ya kutupa. Nilimwambia anajitafutia balaa. Akaniambia nishughulike na pasi zangu.

Ijumaa mfilisi hakuuliza karatasi. Alimtaka kila fundi ataje kwanza kilema cha cherehani yake, kisha akae ashone. Mmoja akasema yake huruka mshono kwenye kitambaa kizito. Akashona, ikaruka, akaibeba. Mwingine akasema yake hupiga kelele ikirudi nyuma, na kweli ikapiga. Watu wakacheka. Nikaona kumbe yule bwana ni muungwana. Shangazi naye aliona, maana uso ulimshuka.

Zamu yake ikafika. "Mama, yako ipi?"

Mkono ukaenda kifuani, ukaishia njiani. Kukitoa kile kichuma mbele ya mlinzi ni kukiri kwamba alikipitisha mlangoni kwa kificho. Nilimkanyaga mguu kwa hasira ili aseme.

"Mimi sina changu humu," akasema.

Mfilisi akamtazama kidogo, akapita. Akazijaribu zilizobaki, ile isiyoshona akaiweka pamoja na vyuma chakavu, na mchana mnunuzi wa chakavu akaja na mkokoteni wake. Akaishika ubavuni ainyanyue.

"Taratibu," shangazi akaropoka. "Ukiishika hapo mkanda unachomoka."

Mkanda ukachomoka. Mfilisi akageuka, akaweka kalamu chini. "Mama," akasema polepole, "umejuaje?"

Nilitaka kulia. Mtu alikuwa anamfungulia mlango mara ya pili, na safari hii bila kumuuliza habari ya kichuma chochote.

"Nimebahatisha tu," akasema shangazi, akamsogezea mnunuzi mkokoteni.