Gogo la Landrova

Landrova ya tata iliuzwa mwaka ule dhahabu ilipowatia watu wazimu. Tata ni baba, kwa Kikurya chetu. Hapa Nyarero mahindi yalimezwa na magugu, kila mwenye mikono yuko mlimani anachimba. Kaka yangu naye akashikilia: gari limekaa nyuma ya zizi, kuku wanatagia humo, kwa nini lisiuzwe?

Akaleta mnunuzi, fundi mwenye karakana mjini Tarime, mtu wa asili ya pwani, mdomo mtamu kuliko sukari guru. "Shikamoo mzee," akainama, kisha akaingia uvunguni mwa gari na kutoka na kutu mpaka kwenye kope. Tata hakumficha kitu. Alimwambia breki ya mguu ni ya kubahatisha, na ile ya mkono ilikufa zamani. Gari haliegeshwi popote bila gogo nyuma ya tairi.

"Ng'ombe hazeeki maini, mzee," fundi akacheka. "Nitalifumua lote, nilifufue. Halibebi hata kiroba kimoja kabla sijafunga breki mpya."

Kaka ndiye angekuwa dereva wake, kushusha mawe ya dhahabu kutoka mlimani hadi kwenye karasha za kuyasaga. Nilimwona anavyotabasamu. Mimi sikumpenda yule fundi, na leo sitajifanya. Mtu anayekuapia kabla hujamwomba, mwogope.

Siku ya kulichukua, gari likawaka kwa moshi mweusi. Tata akachuchumaa akachomoa lile gogo, mti mgumu aliouchonga mwenyewe ukauma tairi vizuri. Kaka akanyoosha mkono kulipokea. Tata akalibana kwapani.

"Kamba haiendi na ng'ombe," alisema.

Kwetu ndivyo. Ukiuza ng'ombe, mnunuzi huja na kamba yake. Ya kwako unaifungua, unabaki nayo, baraka ya zizi isije ikamfuata ng'ombe barabarani.

"Jamani tata, hili ni gari!" nikasema.

"Limelala kwangu miaka mingi kuliko ng'ombe yeyote."

Kaka alinikonyeza ninyamaze, mzee asije akaghairi. "Acha bwana, dada. Tarime nzima imejaa mawe, nitakosa la kuzuia tairi?" Tata akalitundika gogo zizini, kati ya kamba za ng'ombe waliokwisha kuuzwa.

Sikuwa na raha tena. Hata majuma mawili hayajaisha, jirani akaniambia ameiona landrova mlimani, imejaa viroba mpaka springi zimelala. Loo! Breki gani hizo za haraka hivyo? Fundi alikuwa amefufua injini tu. Breki zingesubiri, alisema, dhahabu haisubiri.

Jumapili kaka alipokuja kula ugali, nikamshika shati. "Chukua gogo, nakuomba. Nitalitoa mimi, tata hatajua."

"Wee! Unataka nimwibie mzee baraka yake?" Alicheka sana. Mvua zilikuwa zimeanza huko mlimani, na viatu vyake alivyoviacha mlangoni vilikuwa vizito kwa tope jekundu. Nilivitazama wakati wote anakula.

Walimrudisha katikati ya juma, amefunikwa turubai. Alikuwa nyuma ya gari akipakia viroba. Jiwe la kuzuia tairi liliteleza kwenye tope, gari likarudi nyuma, taratibu, walisema, taratibu kabisa, na nyuma yake palikuwa na ukuta wa udongo.

Tata hakulia mbele za watu. Baada ya mazishi alikwenda zizini, akasimama kulitazama lile gogo mpaka mama akamwita ndani. Mimi nilitaka lichomwe moto, na nilimwambia hivyo kwa hasira. Gogo lipo hapo mpaka leo, ila limebaki peke yake, zile kamba zote alizishusha. Tangu mwaka ule, anayenunua ng'ombe kwetu tata humkabidhi kamba mkononi, na akiikataa, hamuuzii.