Uji Aliokataa Kasyoka

Munyiva huuza matunda Kyumbi, pale magari yanapokata kona kuingia Machakos. Mumewe, Musau, ni fundi wa kuchomelea vyuma Athi River. Binti yao Kasyoka alikuwa ameanza kuita "maa" kabla ya kunyamaza kabisa. Hospitalini daktari aliiita hali hiyo usonji, akasema hakuna dawa ya kuiponya. Mtoto angehitaji mafunzo ya kuongea na subira.

Wanza, mamake Musau, aliposikia hayo alikuja kutoka kijijini Ndithini siku iliyofuata.

"Mama Kasyoka, mtoto hawezi kosa dawa," alisema. "Kuna mzee sokoni ametibu wengi."

Munyiva hakubisha. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka kusubiri. Mzee aliwapa unga wa mizizi, wakawa wanauchanganya na uji, sukari ikiwa nyingi ili kuficha uchungu. Kasyoka akaanza kulala mchana kutwa. Wanza akafurahi, akasema dawa imeingia mwilini.

Kisha mtoto akatapika. Baada ya hapo akakataa uji, akakataa chai, mwishowe akakataa hata maji. Akiona kikombe, anakimbilia chini ya kitanda.

Munyiva alichovya kidole kwenye ule unga akalamba. Ulimi ulikufa ganzi. Hakumwambia mtu. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka zahanati.

"Amepewa nini?" nesi aliuliza.

"Dawa ya miti."

"Miti gani?"

Munyiva hakujua. Aliporudi na kumuuliza yule mzee, alijibiwa kwamba hiyo ni siri ya kazi.

Kasyoka aliwekewa maji ya mshipa, akapata nguvu. Lakini vikombe aliendelea kuviogopa. Munyiva alimkatia tikiti maji, mtoto akawa ananyonya vipande. Baadaye alimimina maji kwenye kiganja chake mwenyewe, akayanywa kidogo mbele ya mtoto, kisha akamnyooshea kiganja. Mara nyingi Kasyoka aligeuza uso. Asubuhi moja aliinama akanywa, na Munyiva akabaki amenyoosha mkono hata baada ya maji kwisha, akiogopa kuusogeza.

Wanza alikuja tena, safari hii na chupa ya mafuta ya mbarika.

"Hii si ya kunywa," alisema kabla ya kuulizwa. "Ni ya kumkanda miguu tu."

Musau alitaka kuitupa. "Mwaitu, imetosha!" alimwambia mamake.

Munyiva alimzuia. Alijipaka mafuta yale mkononi kwanza, akangoja, kisha akampa mama mkwe nafasi. Kasyoka alilala chali, akatulia, akaanza kuguna polepole kama anayeimba.

Sasa Kasyoka yuko kwenye darasa maalum. Bado haongei. Jumamosi nyanya yake humkanda miguu, na mtoto akiona amechelewa kuanza, humshika mkono na kuuweka kwenye goti lake mwenyewe.