Msiba wa Mwanasheria wa Amerika

Nilifika Stockholm nikiwa nimesoma shule ya msingi tu, na katika darasa letu pale Rissne, pembeni mwa jiji, mimi ndiye niliyekuwa sisemi. Mwalimu alikuwa amekwisha kunisimamisha mbele, nikarudi kukaa bila neno. Safari hii aliniambia wazi: nisipozungumza, sitapanda darasa.

Kila mmoja alipewa mtu wa kale wa kueleza maisha yake mbele ya darasa. Mimi nilipata mwanasheria wa Amerika, wa enzi nchi yao ingali changa. Alikuwa mtoto wa mkulima. Alijifunza sheria kwa kunakili hati katika ofisi ya mtu mwingine, akachaguliwa bungeni, akashindwa, akachaguliwa tena, akafa kwa homa. Darasani hakuna aliyewahi kumsikia.

Jumamosi nilijizoeza sebuleni, kwa Kiswahili kwanza, maana Kiswidi kilikuwa kinanikimbia. "Marehemu ameacha mjane na watoto." Jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu, alikuwa anapita nje ya mlango. Kwetu maneno hayo husomwa msibani tu. Hakubisha hodi. Alirudi kwake akapiga simu.

Mchana wamama wa kanisa, jirani akiwa mbele, waliingia na chupa za chai na sufuria ya wali, wakarundika viatu mlangoni, wakamkumbatia mama yangu.

"Pole, dada. Nani ametutoka?"

Mama akanigeukia. Nikasema, "Ni Mwamerika."

"Yesu wangu! Mkwe wenu?"

"Hapana, mama. Alikufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Ni kazi ya shule."

Kisha jirani akasema, "Na machozi yangu niyarudishe wapi?"

Walicheka mpaka mama yangu akaketi chini. Lakini hakuna aliyevaa viatu.

"Chai imeshafika," jirani akasema. "Hatuondoki msibani bila kusikia maisha ya marehemu. Simama, baba, tuambie."

Nikasimama. Msibani msemaji huangalia chini, husema polepole, hunyamaza anapotaka, na hakuna anayemwambia apaze sauti. Nikasema hivyo, mpaka mwisho.

"Aliposhindwa uchaguzi, alikula nini?" mmoja akauliza.

"Kitabu hakisemi, mama."

"Basi useme hivyo hivyo: kitabu hakisemi. Usituongopee juu ya mfu."

Jumatatu mwalimu aliniita. Niliangalia sakafu, nikaanza na baba wa marehemu, mkulima, kama tunavyoanza sisi. Kiswidi changu kilikuja kidogo kidogo. Niliponyamaza, darasa zima lilinisubiri, hata wale wa nyuma wanaopenda kuchekana. Nilipofika kwenye homa, binti mmoja akauliza mjane wa marehemu alifanyaje baadaye. Nikajibu kwamba kitabu hakisemi.

"Vizuri. Umepita," mwalimu akasema, akaita mwingine.

Nikakaa. Ndipo niliposikia njaa, njaa kali nzuri, nikaanza kuwaza watapika nini kantini.